Rampu ndogo, vipezi, vijeti ama vitundu: ya kutuliza hewa inayopita kasi ya sauti uchague gani?

Binti ya dada yangu alishuka matatu kutoka Nakuru wiki jana akiwa na laptopu, chaja na swali moja tu. Projekti yake ya mwaka wa mwisho ni kuchagua kifaa cha kuzuia hewa isibanduke kwa ukuta ndani ya mdomo wa injini ya ndege inayopita kasi ya sauti, na kwa daftari alikuwa ameandika majina manne, rampu ndogo, vipezi, vijeti vya hewa na vitundu vya kunyonya, supavaiza amemwambia achague na atetee. Mimi kazi yangu ni maabara, hii mambo ya mtiririko nimekaa nayo miaka mingi na bado naipenda vilevile, basi tulikaa hapo Kisumu mpaka saa sita usiku chai ikapoa mezani. Venye tuliongea ndio naandika hapa, kwa sababu najua si yeye peke yake anaumia kichwa na hiyo listi.

Kwanza tuelewane ugonjwa wenyewe, ukichagua dawa kabla ya kujua ugonjwa utachagua ile ina jina tamu.

Hewa ikipita juu ya bati, ile inayogusa bati kabisa imesimama, haiendi popote. Ya juu yake kidogo inaenda pole, ya juu zaidi haraka, mpaka unafika mahali inaenda na kasi kamili. Hicho kipande cha katikati ndio tabaka la mpaka, Ludwig Prandtl wa Ujerumani alilieleza 1904 na hadi leo ndilo linatusumbua. Ukisimama kando ya mto Nyando utaona jambo hilohilo, kwa ukingo penye nyasi maji yanajivuta na katikati yanakimbia na magogo.

Sasa kwa kasi ya kupita sauti kuna wimbi la mshtuko, yaani mahali ambapo shinikizo la hewa linapanda ghafla, karibu kama ukuta. Nilimwambia hivi: si umetoka Nakuru ukapanda ile milima ya kuenda Mau Summit? Matatu yenye imekuja na spidi inapanda bila shida. Lori lenye limebeba mzigo na lilikuwa linajikokota hata kabla ya mlima linaanza kukosa nguvu, linasimama, na dereva asipokuwa macho linarudi nyuma. Hewa ya karibu na bati ndio hilo lori. Ikikutana na wimbi la mshtuko inashindwa kupanda, inasimama, inarudi nyuma, na tabaka zima linabanduka kutoka kwa ukuta. Na ndani ya injini, hewa iliyobanduka inamaanisha feni za mbele zinapata hewa ya mawimbimawimbi, huku nguvu na huku hakuna, na hapo injini inaweza kukohoa ama kuzima.

Kuna kitu hapa watu hupita haraka na mimi sipendi. Chukua handaki la upepo, yaani bomba la maabara la kupitishia hewa kwa kasi, la Mach 2.5 (kasi ya sauti mara mbili na nusu), lenye hewa yake kabla ya kuanza kukimbia iko nyuzi 17 za Selsiasi, joto la kawaida tu la nyumba. Ikishakimbia, inapoa mpaka karibu nyuzi 144 chini ya sifuri na inaenda karibu mita 570 kwa sekunde. Lakini ile ya kwenye ukuta, kwa vile imepigwa breki, inapata joto tena hadi karibu na nyuzi sifuri. Shinikizo ni moja, joto kwa kipimo cha Kelvini ni zaidi ya mara mbili, kwa hivyo hewa ya chini ina uzito chini ya nusu ya ile ya juu. Yaani lori letu si tu kwamba linaenda pole, pia ni jepesi, halina msukumo kabisa. Na ile sehemu ya chini kabisa iko chini ya kasi ya sauti, kwa hivyo habari ya shinikizo inapita hapo ikirudi nyuma kuelekea hewa inakotoka, tabaka linaanza kunenepa hata kabla wimbi halijafika. Hii ndio sababu huwezi beba majibu ya ndege ndogo ya Cessna ukayapandikiza hapa.

Dawa zote nne zinalenga kitu kimoja, kuipa hewa ya chini nguvu ama kuitoa. Tatu zinaipa nguvu kwa kutengeneza visulisuli vidogo vinavyolala kifudifudi, mhimili wao unafuata mwelekeo wa hewa, vinachota hewa ya kasi kutoka juu vinaileta chini na kuinua ile legevu, kama mwiko unavyofanya uji usishike chini ya sufuria. Ya nne inanyonya ile legevu na kuitupa nje.

Tuanze na vipezi vya zamani ili tuvitoe mezani. H. D. Taylor wa kampuni ya United Aircraft ndiye alivileta 1947, ni vibati vidogo vimesimama wima kwa pembe, kimo chao ni sawa na unene wa tabaka au zaidi. Kwa ndege za kasi ya chini vinafanya kazi hadi leo, Boeing 737 ina safu yao karibu na mkia, ukiwa airport Kisumu angalia. Lakini kwa kasi ya kupita sauti kitu kinachochomoza mpaka nje ya tabaka kinatengeneza wimbi lake la mshtuko na ukinzani wake, yaani hewa inaivuta ndege nyuma, umetibu kichwa umeumiza mguu. Kwa projekti hii hapana, na alikubali haraka.

Hapo ndio wazo la kufanya vidogo linaingia. John Lin wa NASA Langley alikusanya kazi za miaka mingi kwenye mapitio ya 2002, ni za kasi ya chini ndio, lakini hoja yake inashika: vifaa vya kimo cha kati ya 10 na 50 kwa mia ya unene wa tabaka vinatosha kuzuia kubanduka, na ukinzani wao ni mdogo sana. Sababu yake ni nzuri kweli. Tabaka lenye msukosuko linajichanganya lenyewe, kasi inapanda haraka ukiacha ukuta tu, kwa hivyo hata kwa kimo cha sehemu moja ya tano tu ya unene hewa tayari iko na zaidi ya 75 kwa mia ya kasi kamili. Hakuna haja ya kuchomoza kichwa chote kuchota hewa ya kasi, iko hapo chini.

Hapa akaniuliza, "Lakini anko, kifaa kikubwa si ndio kisulisuli kikubwa?"

Ndio mami, na ndio shida. Tuingie kwa rampu utaona.

Rampu ndogo ndio mimi nilitumia muda mwingi kumweleza kwa sababu ndio watu wengi wanaitaja na wachache wanaijua umbo lake vizuri. Fikiria sambusa imelala kwenye bati. Upande mpana uko mbele, unapokea hewa, na hapo kimo ni sifuri, imelingana na bati. Inapanda polepole kuelekea nyuma huku ikipungua upana, mpaka kwa ncha ya nyuma ndio iko juu zaidi na nyembamba kabisa. Hewa inapanda mgongo, inamwagika kwenye kingo mbili za mbavu, na kila upande inajikunja kuwa kisulisuli, kimoja kinazunguka hivi kingine kinyume. Katikati vyote viwili vinainua hewa legevu, na nje ya mbavu vinaleta ya kasi chini. Kuna na vingine vidogo vya pembeni lakini hivyo viwili ndio kazi.

Vipimo vyenye kila mtu anarudia vilitoka kwa Anderson, Tinapple na Surber mwaka 2006, walizungusha kompyuta mpaka wakapata umbo zuri: pembe ya ubavu nyuzi 24, urefu mara 7.2 ya kimo, na kutoka rampu moja hadi nyingine mara 7.5 ya kimo. Kwa rampu ya kimo cha milimita 3 hiyo ni urefu wa milimita 21.6 na nafasi ya 22.5. Iweke kwa kiganja, ni ndogo kushinda sarafu ya shilingi ishirini, na inabadilisha hewa ya mita mia tano na zaidi kwa sekunde. Mimi hii kitu hunishika kila nikifikiria.

Halafu Holger Babinsky na wenzake wa Cambridge, 2009, wakazipima kwa Mach 2.5, vimo vya kutoka 30 hadi 90 kwa mia ya unene wa tabaka. Nilimsomea matokeo pole pole kwa sababu yana majibu ya swali lake. Moja, picha ya mtiririko ni ileile kwa vimo vyote, inakua na kupungua tu kulingana na kimo. Mbili, rampu ndogo zaidi inafanya kazi vizuri lakini ukiiweka karibu na mahali wimbi litapiga, kwa vile visulisuli vyake vinafika kazini mapema na kuchoka mapema. Tatu, na hii ndio watu huficha kwa ripoti zao: rampu hazikumaliza kubanduka. Zilikuchelewesha, zikakivunja kile kipande kirefu cha kubanduka kuwa vipande vipande, mahali hewa imeshika na mahali imebanduka. Ukiandika kwa utangulizi kwamba rampu inaondoa tatizo, mtu aliyesoma atakurudisha.

Kule Delft, Uholanzi, mwaka huohuo Blinde na wenzake wakapima kwa Mach 1.84 kwa kupiga picha chembe zinazoelea ndani ya hewa, wakaona kwamba uwezekano wa hewa kurudi nyuma unapungua, na pia wakaona nyuma ya rampu si visulisuli viwili vimetulia kama kwa mchoro wa kitabu. Kuna msururu wa visulisuli vya umbo la pini ya nywele, kimoja nyuma ya kingine. Wale wa Texas, Arlington, kina Li na Liu, kwa hesabu kubwa ya kompyuta ya Mach 2.5 wakaona pete, pete nzima za hewa zinajikunja kuzunguka ule mkia legevu unaoachwa na rampu na kukimbia kwenda kugonga wimbi la mshtuko. Yaani rampu ina mkia wa hewa pole katikati, hewa ya kasi iko pande zote, mpaka kati yao hautulii, unajikunja. Hilo nitalirudia maana ndilo lilimfanya abadilishe mpango.

Vipezi vidogo sasa. Hivi ni vibati viwiliviwili vimesimama wima, vidogo kama rampu, vimeelekezwa pembe. Kwa hewa peke yake mimi naviona ni bora kuliko rampu na sitaogopa kusema. Visulisuli vyao vina nguvu zaidi kwa kimo kilekile, na unaweza kuvitenganisha upendavyo. Hili la kutenganisha ni kubwa. Vile viwili vya rampu vimezaliwa vimekaribiana, na visulisuli viwili vya mzunguko kinyume vikikaribiana hivyo vinainuana, baada ya mwendo vimepaa mbali na ukuta vimeacha hewa legevu kule chini bila msaada. Vipezi ukivipanga mbalimbali, au uvielekeze ili hewa ya katikati ishuke badala ya kupanda, visulisuli vinakaa chini karibu na ukuta kwa umbali mrefu.

Lakini ni vibati vyembamba. Viko mbele ya injini. Ndege inatetemeka saa baada ya saa, inapata joto inapoa, inapata joto inapoa, na siku moja kimoja kinakatika kwa mzizi na kinaingia moja kwa moja kwa feni za injini. Rampu haiwezi kukatika hivyo, ni kipande kimoja kimelala kwenye ukuta, unaweza hata kuichonga kutoka kwa chuma kilekile cha ukuta. Hiyo peke yake ndio sababu rampu zina wapenzi wengi kwa midomo ya injini, wala si kwa sababu zinachanganya hewa vizuri kuliko vyote.

Na kuna mtoto wa hao wawili: rampu iliyopasuliwa katikati, nusu zikavutwa kando, ama kipezi kilichopewa mgongo wa rampu ili kisikatike. Kina Lee, Loth na Babinsky wamezifanyia kazi hizi na zile za rampu-kipezi zilionyesha faida juu ya rampu ya kawaida, kwa vile visulisuli vimetengana zaidi na vinabaki chini. Hii nilimpigia mstari mara mbili kwa daftari.

Vijeti vya hewa nitapita haraka. Unatoboa vitundu vidogo kwa ukuta, vimelala kwa pembe, unasukuma hewa ya shinikizo, na kila kijeti kinatengeneza kisulisuli. Uzuri wake unaweza kuzima wakati hauhitaji, rampu huwezi kuizima, iko hapo hata ndege ikitua. Ubaya ni mabomba, vali, hewa ya kuiba kutoka kwa injini, na vitundu kuziba. Kwa mwanafunzi wa laptopu moja, vitundu vidogo hivyo vinahitaji meshi (ule wavu wa nukta ambazo kompyuta inazihesabia) ndogo sana ndani yake na hesabu inakuwa nzito kabla hata hujaanza. Mimi ningeacha.

Vitundu vya kunyonya hivi ndivyo vimebeba kazi yenyewe kwa miaka yote. SR-71, ndege ya upelelezi ya Marekani, ya kasi ya juu ya Mach 3, ilinyonya tabaka kupitia vitundu kwenye ile koni ya mbele ya injini. Ilihitaji kweli, kwa sababu wimbi la mshtuko likitemwa nje ya mdomo wa injini ndege ilikuwa inavutwa upande mmoja kwa nguvu. Kunyonya hakubahatishi, hewa legevu imeondoka, hakuna lori la kurudi nyuma. Bei yake ni kwamba hiyo hewa umeikamata, umeibeba, halafu unaitupa nje. Mdomo wa injini unakuwa mkubwa zaidi, ukinzani unaongezeka, uzito unaongezeka na mafuta yanaenda. Ndio maana watu wanatafuta rampu: wakitaka kupunguza kunyonya, au kuacha kabisa pale kasi si kubwa mno. NASA Glenn pale Cleveland walijaribu 2010 mdomo wa injini wa ndege ya kupita sauti yenye mshindo mdogo, pamoja na kampuni ya ndege ya Gulfstream, kasi karibu Mach 1.7, wakiwa na vifaa vidogo vya aina hii ndani badala ya kunyonya.

Kwa hivyo mimi nikiwa na ndege ya Mach 3 na wimbi kali, nachagua vitundu na silali na wasiwasi. Mach 1.6 hadi 2, wimbi la wastani, nachagua rampu au ile rampu-kipezi, na nasogeza karibu na wimbi. Ikiwa ni handaki la maabara tu na hakuna injini nyuma, vipezi, kwani kikikatika hakuna kitu kitaumia.

Lakini yeye hana ndege, ana laptopu. Na hapa ndio tulikaa saa mbili.

Alikuwa amepanga kutumia OpenFOAM, programu ya kompyuta ya kuhesabu mtiririko, kwa hesabu ya wastani, ile inayokupa picha moja iliyotulia. Nilimwambia hiyo ni sawa, laptopu itaweza ukipunguza eneo uchukue nusu ya rampu moja na pembeni uiambie nusu ya pili ni ileile kama kwa kioo, lakini jua unachonunua. Hesabu ya wastani itakuonyesha visulisuli viwili vizuri na mkia wake. Zile pete hutaziona hata moja, zimefutwa na wastani. Ukitaka pete ni hesabu ya aina ingine, nukta mamilioni na mamilioni, siku kwa siku za mashine kubwa. Mimi mwenyewe nilijaribu kitambo kulazimisha, nikaweka meshi ya kukadiria, ikazunguka siku tatu, stima ikapotea usiku wa nne na sikuwa nimeweka ihifadhi njiani. Hata ile iliyokuwa imefika, nukta zilikuwa chache mno karibu na ukuta, haikunipa kitu cha kuaminika. Kwa hivyo nikamwambia aandike wazi kwa ripoti: hesabu yangu inalinganisha visulisuli vya wastani, pete haizioni. Sentensi moja na inakulinda.

Kitu cha kuona kwa macho tulifanya kesho yake. Nina mfereji wa perspeksi wa kama mita moja na nusu, maji yanapita pole, sentimita 10 hivi kwa sekunde. Si kasi ya sauti, hakuna wimbi, hii ni ya kuona kisulisuli kinazaliwa tu. Kwa mita moja kutoka mwanzo tabaka lina unene wa karibu milimita 16, basi rampu ya kimo cha milimita 8 ni nusu yake, na urefu wake karibu 58. Fundi mmoja wa jua kali Kibuye alitukatia ya shaba. Tukadondosha pamanganeti kwa sindano mbele yake, uzi wa zambarau ukapanda mgongo wa rampu, ukafika ukingoni, ukatanuka tu kama moshi. Haukujikunja. Nikaitoa nikapitisha kidole: kingo zilikuwa zimelainishwa mviringo, fundi alizipiga tupa zing'ae. Ukingo ukiwa mviringo hewa ama maji hayajui yaachie wapi, na kisulisuli kinazaliwa dhaifu. Tukakata ingine ya plastiki ngumu, kingo kali za kukwaruza ngozi. Uzi ukafika ukingoni ukajiviringa, upande huu na upande ule, kamba mbili za zambarau zikaenda sambamba, na baada ya kama sentimita 20 ukaona zote mbili zimeanza kuinuka kutoka kwa sakafu. Binti akainama mpaka pua ikagusa perspeksi. "Zinapaa," akasema. Ndio, hiyo kupaa ndio ile nilikuwambia jana usiku.

Hapo hapo akaamua. Ataacha majina manne, atalinganisha mawili: rampu ya vipimo vya 2006, na rampu-kipezi ya kimo kilekile na nafasi ileile, kwa Mach 2, na kila moja aiweke kwa umbali wa aina mbili kabla ya wimbi, mara 10 ya kimo na mara 30. Hesabu nne, laptopu itaweza. Vipezi vitupu na vitundu ataviweka kwa sura ya pili kama watu wa kulinganishwa nao kwa maandishi, bila kuvihesabu.

Mimi ningeongeza na ya tano, ukuta mtupu bila kifaa, maana bila hiyo huwezi kusema kifaa kimesaidia kiasi gani, na alikuwa ameisahau. Jumamosi anarudi Nakuru na Kibuye tunapitia asubuhi kuchukua vipande viwili vya rampu-kipezi vya mfereji, nimeshapiga simu kwa fundi, nimemwomba akishakata asiziguse kingo na tupa.